Mawe ya Taita Yaliyookwa Chini ya Milima

Msomaji, ukipanda basi la Mombasa asubuhi pale Nairobi, bila shaka macho yako huanza kazi mfikapo Tsavo. Unatafuta ndovu. Ukimkosa ndovu, unasinzia. Safari ijayo keti dirishani, waachie watoto hao ndovu, nawe utazame mawe.

Kwanza jua unakotoka. Nairobi imekaa juu ya lava, yaani rojo la volkeno lililomwagika na kuganda. Kokoto za kijivu unazoona zikipakuliwa kwenye mijengo ni lava hiyo hiyo iliyopondwa. Lakini ukishapita mji wa Athi River, tazama upande wa kushoto. Kile kilima cha Lukenya, ambacho vijana hupenda kukikwea kwa kamba, si cha lava hata kidogo. Mawe yake yana michirizi, mweupe kwa mweusi, kama kitambaa kilichofumwa. Hapo umeikuta sakafu ya kale ya nchi yetu. Itakuandama safari nzima, mara ikifunikwa na lava changa ya Chyulu kule Kibwezi, mara na udongo mwekundu, hadi Voi, na kutoka hapo ukikata kulia kwenda Mwatate itajitokeza wazi katika milima ya Taita.

Sakafu hiyo ni ya miamba geu. Mwanafunzi yeyote atakuambia kuwa miamba ni ya aina tatu: ya moto, ya mashapo na miamba geu. Muulize hiyo ya tatu hugeukaje, naye atakujibu "joto na mgandamizo" kisha anyamaze. Si kosa lake. Vitabu vingi navyo hunyamaza hapo hapo.

Mtazame mfinyanzi. Udongo ukiingia motoni hautoki udongo tena, ila hauyeyuki pia. Unabaki mgumu, lakini kilichomo ndani kimejipanga upya. Mwamba nao hufanya vivyo hivyo. Ukiyeyuka kabisa, huo si mwamba geu tena, ni rojo la moto. Kugeuka hufanyika mwamba ukiwa bado mgumu: madini ya zamani yanavunjika na mapya yanakua humo humo, taratibu, kwa mamilioni ya miaka.

Mawe ya Taita yalianza maisha yake kama matope, mchanga na chokaa katika sakafu ya bahari. Baina ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara mawili ya kale yaligongana. Bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, milima mikubwa ikainuka, na matope yale yakazikwa zaidi ya kilomita 20 chini ya ardhi, kwenye joto la nyuzi zaidi ya 600. Kovu la mgongano huo linaanzia Msumbiji, linapita Tanzania na Kenya na kuendelea kaskazini hadi Ethiopia. Ile milima mirefu imekwisha kuliwa na mvua na upepo. Unachokanyaga Wundanyi ni mizizi yake.

Wataalamu huigawa miamba geu kwa kuangalia kwanza kama ina matabaka au haina. Matope yaliyogandamizwa kidogo huwa sleti, jiwe linalopasuka kama kurasa. Yakiokwa zaidi huwa shisti, inayometameta kwa sababu vipande vyake vya ulanga vimelala upande mmoja kama karata zilizosukumwa kwa kiganja. Yakizidi kuokwa huwa naisi, yenye ile michirizi ya Lukenya. Ukipanda barabara ya kona kona kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, tazama pale ukingo ulipochongwa: utaona michirizi imekunjwa mithili ya chapati iliyopakwa mafuta na kuviringwa kabla ya kusukumwa.

Miamba isiyo na matabaka ni ile iliyokuwa na kitu kimoja tu tangu mwanzo. Chokaa hugeuka marumaru, kama yale ya Turoka, Kajiado. Mchanga mtupu hugeuka kwatsaiti. Mawe haya mawili yanaweza kufanana kwa weupe, lakini kuyatenga ni rahisi: ponda kidogo jiwe lako, utie ndimu. Marumaru hutoa povu, kwatsaiti haishtuki.

Ila jina la mwamba halikuambii umezikwa kina kipi. Kwa hilo unayasoma madini. Mwingereza George Barrow alionyesha mwaka 1893, katika milima ya Scotland, kuwa madini fulani hutokea kwa zamu kadiri joto linavyopanda, hivyo ukiyakuta umepata kipimajoto. Mojawapo ni kayanaiti, jiwe la rangi ya samawati ambalo kisu hulikwaruza kwa urefu lakini hakilikwaruzi kwa upana. Taita iko. Katika miaka ya 1940 na 1950 ilichimbwa katika kilima cha Murka, ikaenda kujengea matanuu ya viwandani. Jiwe lililozaliwa jikoni kwa ardhi likarudishwa jikoni!

Sasa tuje kwenye pesa. Katika matope yale ya bahari mlikuwa na mabaki ya viumbe, na kaboni yake ikawa grafaiti, nyeusi kama risasi ya penseli. Ndani ya naisi hiyo nyeusi, madini ya vanadiamu yaliingia katika ganeti na kuitia rangi ya kijani kibichi. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliliona jiwe hilo kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, akalipata Taita mwaka 1971. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya Marekani ikalipa jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo. Bridges aliuawa karibu na Voi mnamo Agosti 2009, katika mzozo wa machimbo.

Vijana wangali wanachimba huko kwa sururu na tindo, na udongo umewahi kuwafukia wengine. Wao hufuata ule ukanda mweusi. Lakini ukanda umekunjwa, kama tulivyoona, na asiyeujua mkunjo huo hupoteza miezi akitoboa mwamba usio na kitu, kisha huliuza jiwe kwa bei anayotajiwa na mnunuzi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema asilimia 20 ya mrabaha iende kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali hapo. Binafsi naona somo la jiolojia katika shule za Mwatate lingewafaa watoto wa huko kama asilimia hizo, pengine zaidi.

Ukifika huko, usivunje mawe ndani ya mbuga. Na mtu akikufuata kituoni Voi na kijiwe cha kijani kwenye karatasi, kumbuka kwamba biashara ya vito huhitaji leseni. Kiinue kwenye mwanga ukitazame vizuri: kikiwa na viputo vya mviringo ndani, hicho ni chupa ya soda.