Mkojo Ukiziba, Mgonjwa Aulizwe

Wagonjwa wangu wengi waliozibwa mkojo ni akina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Uvimbe umetambaa pembeni mwa kizazi, ukaibana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Ndugu huniambia, "Daktari, mama hakojoi, na kutwa anatapika." Mara nyingi ameshawekewa mpira wa mkojo, ukabaki mkavu. Kwa mzee mwenye saratani ya tezi dume, kizuizi huwa chini ya kibofu na mpira humpa nafuu papo hapo. Kwa mama huyu kizuizi kiko juu. Kibofu hakina kitu.

Hapo njia ni mbili. Kuna stenti, mrija wa ndani unaopandishwa kupitia kibofu hadi kwenye figo. Saratani ikibana sana, mara nyingi hushindwa kupita. Kuna nefrostomi, mrija mwembamba tunaoupitisha mgongoni kwa ganzi, ultrasaundi ikituonyesha figo iliyofura. Ikishika, mkojo hutiririka mfukoni na kreatinini, taka ya damuni inayopimwa kujua hali ya figo, huanza kushuka. Figo moja ikizibuliwa, aghalabu inatosha.

Lakini mrija huu hautibu saratani. Hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Huweza kuchomoka usingizini, kuziba, au kuleta maambukizi. Kwa anayeishi mbali na hospitali, huo ni mzigo mzito. Ndiyo maana kabla ya kushika sindano namuuliza mama mwenyewe, si wanawe tu. Kama bado kuna mionzi na dawa ya saratani iitwayo siplatini ya kumpa, nahimiza tufanye haraka, maana siplatini haifai kwa figo zilizofeli. Mwingine hana tiba iliyobaki, ila ana shamba la kugawa na watoto wa kuwausia. Akitaka muda huo, namwekea. Mwingine saratani imeenea mwilini, na anasema inatosha. Huyo simtoboi. Nampa dawa ya kichefuchefu, na mofini kwa dozi ndogo yenye nafasi ndefu, kwa kuwa figo zilizochoka huiacha ijae mwilini. Wapo wanaosema huko ni kumtelekeza. Hapana, hiyo nayo ni tiba.

Ndugu wasomaji, mgonjwa wenu wa saratani akipungua mkojo, akivimba miguu, akizidi kutapika, msingoje tarehe ya kliniki. Mleteni siku hiyo hiyo, na mwacheni aseme mwenyewe anachotaka.