Kazi ya maabara ya uzazi inaanzia kwenye mikroskopu

KALEMIE – Ndoa ikikaa miaka mitatu bila mtoto, anayeulizwa ni mke. Ni yeye anayenyweshwa dawa za mizizi, ni yeye anayetishiwa kurudishwa kwa wazazi. Na mama aliyekimbia vita, ambaye kijiji chake kilichomwa, atarudishwa wapi? Mume, mara nyingi, hajapimwa hata siku moja.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hupatwa na shida ya kupata mtoto. Shida inaweza kutoka kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Upande wa mume, anayeitambua ni mtu wa maabara. Mume anajizuia siku mbili hadi saba, anatoa mbegu, nazo zinapimwa ndani ya saa moja: ni ngapi, zinatembea namna gani, zina umbo gani. Hapo hapahitajiki mashine ya bei kubwa. Panahitajika mikroskopu nzuri, usafi, na jicho lililofundishwa.

Kijana anayetaka kazi hii aanze sekondari na biolojia na kemia, apate diploma ya Serikali, kisha aingie ISTM, upande wa maabara. Atapima kwanza malaria, damu na kifua kikuu. Mbegu za uzazi zitafuata.

Ngazi ya juu ni kukutanisha yai na mbegu nje ya mwili, na kulea mimba hiyo changa siku tatu hadi tano kabla ya kuirudisha kwa mama. Hiyo hufundishwa kazini, chini ya mkono wa mwenye ujuzi, katika vituo kama vile vya Kampala na Nairobi. Kenya ilipata watoto wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006.

Wala si kazi ya madaktari peke yao. Jean Purdy wa Uingereza alisomea uuguzi, akajifunza maabara akiwa kazini. Alikuwa katika kikundi cha watu watatu kilichofanikisha kuzaliwa kwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo duniani, tarehe 25 Julai 1978.

Si kila kijana wa Kalemie atafika Nairobi. Lakini anayejua kupima mbegu vizuri, hapa hapa mjini, anaweza kumfanya mume akae benchi moja na mke wake, wangojee majibu pamoja. Wazazi wenye mtoto anayependa kemia wasimkatize.