Ng'ombe Ambao Hawakuja Nyumbani

Siku mdogo wangu wa kike alipohitimu chuo cha ualimu mjini Tarime, mwaka 2023, tulikodi Noah moja kutoka kwetu Ringwani, tukabanana humo watu kumi na mmoja. Baba alivaa koti lake la harusi za watu. Mama alipakata mfuko wa vitenge na hakukubali kumwachia mtu mwingine, hata tulipovuka Mto Mara na gari likawa linaruka kwenye makorongo.

Katika familia yetu hakuna aliyewahi kuhudhuria mahafali. Wahitimu walipoanza kuitwa, mama alipiga vigelegele kwa kila jina, kwa kuogopa la mwanawe lisije likampita. Lilipofika kweli, sauti ilikuwa imemkauka. Akabaki kulia tu.

Mimi nilipiga makofi kama wengine. Lakini moyoni nilikuwa na jambo langu.

Desemba 2018, huyu binti alipokuwa amemaliza kidato cha pili, wazee walikuja nyumbani kumposa. Walitaja ng'ombe 14. Mimi nilikuwa na miaka 23, na nilikuwa na mchumba ambaye wazazi wake walikuwa wakisubiri mahari. Anayejua mila za kwetu ataelewa bila kuelezwa: ng'ombe wa dada ndio huoa mke wa kaka. Baba hakuwa na mifugo ya kutosha. Nikamwambia, "Baba, wapokee."

Ada haikuwa kisingizio. Elimu bila ada ilikuwa imeanza mwaka 2016 na shule ilikuwa inamtaka. Tatizo lilikuwa sisi.

Mama ndiye aliyesimama. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akawaambia wageni kwamba huyu ni mwanafunzi, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inampa anayemwoa mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Alikuwa ameisikia kwenye mkutano wa kijiji. Akauliza, "Nani kati yenu yuko tayari kuanza kuihesabu?" Wageni wakaaga bila kumaliza uji.

Nilimchukia mama kwa muda mrefu. Nikaenda Nyamongo kufanya vibarua kwenye machimbo madogo, na kwa miezi mingi sikupiga simu nyumbani. Yule mchumba akaolewa kwingine. Mimi nilioa mwaka 2022, kwa ng'ombe niliowanunua mmoja mmoja, na mpaka leo wakwe zangu wananidai wawili.

Tuliporudi kutoka Tarime, majirani walikuwa wamejaa uani. Baba alichinja beberu, nyama ikachomwa na kichuri kikaandaliwa. Mzee mmoja alileta litungu, wanawake wakacheza mpaka vumbi likafunika masufuria. Watu walimtunza mhitimu wetu: huyu noti ya elfu mbili, yule khanga, bibi mmoja kuku mwenye kelele. Kisha akapewa nafasi azungumze. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mama na baba. Halafu akasema, "Na namshukuru kaka yangu, aliyekubali kunisubiri."

Watu wakashangilia. Baba akanipiga begani, "Umefanya vizuri, mura." Mimi nikainamisha kichwa. Sikukubali kusubiri. Nilinyimwa tu.

Usiku, wageni walipopungua, nilimkuta anaosha sahani na joho lake limekunjwa vizuri juu ya kiti. Nikamwambia ukweli kwamba siku ile nilikuwa upande wa wale wazee.

Hakuacha kuosha. "Najua, kaka. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nilikusikia."

"Sasa kwa nini umenishukuru mbele za watu?"

"Kwa sababu uliporudi kutoka machimboni hukunidai kitu. Wenzangu wengine wamesoma, lakini kila siku nyumbani wanakumbushwa ng'ombe walizokosesha. Wewe hukuwahi kunikumbusha."

Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha sahani. Ndilo lililonijia la kufanya.

Kaka wenzangu, najua jinsi inavyouma kuona vijana wa rika lako wanaoa na wewe huna hata ndama. Uchungu huo si uongo, na wazazi wasiudharau. Kijana asaidiwe apate njia ya kutafuta mahari yake kwa jasho lake, asiachwe aitazame shingo ya dada yake. Na kama uliwahi kusimama upande usiofaa, mwambie dada yako. Pengine anajua siku nyingi, anakungoja wewe tu.

Nina binti wa miezi minane sasa. Wazee wakimwona hunitania, "Mura, umepata ng'ombe!" Zamani ningecheka nao. Siku hizi ninawajibu kwamba huyu ana shangazi mwalimu, wakamuulize yeye kwanza.