Mji wa Hospitali
Katika Texas Medical Center, jijini Houston, hospitali zimepakana kama nyumba za Mji wa Kale, Mombasa. Huko ndiko tulikomsindikiza shangazi yetu, ambaye hakuvuta sigara kamwe, ila moshi wa kuni jikoni. Uvimbe mdogo kama punje ya mbaazi ulikuwa umeonekana pafuni mwake. Alipolazwa usingizi wa dawa, daktari, akiongoza roboti, alipitisha kinywani mrija mwembamba, akaufuatisha ramani ya picha za kompyuta hadi penye uvimbe, akachukua chembe kwa sindano. Kifua hakikupasuliwa. Jioni tulirejea naye tulikofikia, tukingoja majibu kwa dua. Akina mama, kikohozi kisichokoma kipelekeni kwa daktari. Saratani ikigunduliwa mapema, matumaini ya kupona huwa makubwa zaidi, inshallah.