Kabla hujainua pikapu yako, anza na matairi

Juzi kijana mmoja kanisimamisha sokoni. Kanunua Hilux ya zamani, ile yenye springi za vyuma bapa mbele na nyuma, na anataka nimwelekeze kwa fundi wa kuinyanyua ili isikwame masika. Nimemwambia nitaandika, maana si wa kwanza kuniuliza, na kosa analotaka kulifanya nimeshalifanya mimi.

Gari langu ni la aina hiyo hiyo, dizeli, la mwaka 1993. Nililipata kwa bei nafuu. Huku Kilosa udongo wa mbuga ukilowa unajua wenyewe: unanata, unajaa kwenye kashata, tairi linakuwa laini kama limepakwa mlenda. Nilikwama mara nyingi mpaka nikaamini gari ni fupi. Nikaenda kwa fundi, akaweka vipande vya chuma vya inchi mbili na nusu kati ya ekseli na springi, nyuma na mbele pia. Lilisimama vizuri, watu wakalisifia.

Wiki ya pili nikakwama palepale nilipokuwa nakwama. Nikainama kuangalia: bakuli la difu limekaa kwenye tuta katikati ya mifereji ya magurudumu, kama zamani. Hapo ndipo nilipoelewa. Vile vyuma vinainua bodi na chesi. Ekseli haviigusi, kwa sababu ekseli inakaa kwenye magurudumu. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi lenye kimo kikubwa zaidi.

Lakini kukwama ilikuwa nafuu. Mwezi uliofuata nilipakia magunia manane ya mahindi, na kina mama wawili wakakaa juu yake (najua, nisingekubali). Tukipita pembeni ya mteremko, magurudumu ya upande mmoja yakaingia kwenye korongo dogo, gari likalala mpaka nikaona anga dirishani. Lilisimama lenyewe, sijui niseme kwa bahati. Mama mmoja aliteremka bila kusema neno, akatembea kwa miguu mpaka kwake. Siku hiyo hiyo niligundua mpira wa breki wa mbele umevutika kama kamba ya nguo.

Basi sikiliza. Anza na matairi. Pikapu hizi nyingi huvaa 205R16, kimo chake kama sentimita 74. Ukiweka 235/85R16, kimo ni karibu sentimita 81. Nusu ya tofauti ndiyo unayoipata chini ya difu, yaani sentimita tatu hivi. Zinaonekana kidogo, lakini kwenye mbuga ni tofauti ya kupita na kulala porini. Kabla hujalipa, pima upana wa rimu, inchi 6 au zaidi. Kisha funga mawili mbele, kata usukani mpaka mwisho pande zote, gurudumu moja likiwa juu ya jiwe, uone kama linagusa springi au bodi. Na ujue gharama yake: gari litavuta kizito kidogo, breki zitafanya kazi zaidi, na mshale ukisoma 80 wewe uko karibu 87.

Usinunue tairi pana kwa sura. Tope letu likiwa si refu, chini kuna ugumu, na tairi jembamba hulikata likaufikia. Pana huelea juu na kuteleza. Kashata kubwa za matope hujisafisha vizuri, ila ukienda Morogoro mara kwa mara zitaisha haraka na kukupigia kelele njia nzima, na lami ikilowa hazishiki vizuri. Mimi nimechukua za kati.

Soma ubavuni. Namba ya uzito ya 112 maana yake kila tairi linabeba kilo 1,120. La gari dogo la abiria halifai kwa magunia hata kama rimu inaingia. Kwenye mtumba tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzima na mpira wenyewe umezeeka. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, rudisha, hata muuzaji akununie.

Gari likiwa tupu, kwenye tope shusha upepo mpaka kama 20, endesha taratibu, na ujaze kabla ya kupakia au kurudi lami. Pampu ya mguu inatosha. Nimevuka kwa hiyo mara nyingi kuliko kwa vile vyuma.

Kama bado unataka kuinua, angalia kwanza springi zako. Mara nyingi zimelala kwa uzee. Seti mpya yenye bapa moja la ziada inarudisha sentimita nne au tano bila ujanja, na hapo kagua mipira ya breki, shokapu na pembe ya propela. Vipande vya chuma mbele usikubali kabisa: ukikanyaga breki kwa nguvu vinaweza kupinduka na kuachia.

Vyangu nilivitoa. Kimoja nakiweka juu ya ubao chini ya jeki nikikwama, kingine kimeshikilia mlango wa banda la mbuzi.