Miji ya wazee ni mizuri, lakini mjukuu wangu nimwache wapi?

Mwenzangu mmoja niliyefundisha naye kwa miaka mingi alistaafu miaka sita kabla yangu. Siku ya kumuaga tulimwimbia, tukampa blanketi na jiko la gesi, naye akatualika sote kwake mashambani ambako alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vinne kwa mkopo wa chama cha akiba. Watoto wake walikuwa wametawanyika, wengine mijini na wengine ng'ambo. Asubuhi moja mwaka wa 2022 aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alilala pale sakafuni mchana kutwa na usiku kucha, mpaka kijana anayemletea maziwa alipobisha hodi siku ya pili na kusikia sauti ya kuugua. Hakuinuka tena kitandani. Baada ya miezi mitatu tulimzika.

Msomaji mpendwa, tangu siku hiyo nilianza kuogopa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Sikuogopa kifo, kwa maana kila nafsi itakionja. Niliogopa ile sakafu.

Mimi nilistaafu nikiwa na miaka 60, kama sheria inavyowataka watumishi wa serikali tangu mwaka wa 2009. Ninaishi Buruburu, Nairobi, pamoja na mjukuu wangu wa kiume ambaye sasa yuko shule ya msingi. Babake, aliyekuwa kifungua mimba wangu, alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, na mamake akaolewa kwingine. Sina wa kumlaumu. Nimemlea kama nilivyomlea babake, ila safari hii magoti yananiuma.

Bintiangu ni muuguzi huko Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, na amekuwa raia wa nchi hiyo. Nilipomsimulia yaliyompata mwenzangu, alilia kwa simu. "Mama," akaniambia, "wewe hutazeeka hivyo. Njoo kwanza uone wazee wa huku wanavyoishi, ndipo uamue." Akanitumia tikiti. Nilimwacha mjukuu kwa dada yangu, nikaondoka mwezi wa Novemba, 2023, nikakaa huko miezi mitatu.

Mahali pa kwanza aliponipeleka panaitwa Sun City, kaskazini-magharibi mwa Phoenix. Zamani palikuwa mashamba ya pamba. Mjenzi aitwaye Del Webb alipafungua tarehe 1 Januari, 1960, akiwa na nyumba chache za mfano, uwanja wa gofu, maduka na ukumbi wa burudani. Wengi walimcheka wakisema kwamba hakuna mzee atakayetaka kuhamia jangwani mbali na jamaa zake. Mwisho wa juma lile la kwanza walifika watu wapatao 100,000 kutazama. Leo wakazi ni karibu 40,000.

Barabara zake zimepindwa mviringo kama nyungo zilizopangwa uwanjani. Nyumba ni za chini, hazina ngazi, na katika nyua nyingi mna michungwa na mibalungi. Badala ya nyasi wengine wametandaza kokoto, na wapo waliozipaka kokoto hizo rangi ya kijani ili zifanane na nyasi! Wazee huendesha vigari vya gofu barabarani kwenda dukani na kwa majirani. Kuna vituo saba vya burudani na vyama zaidi ya 100: ufinyanzi, useremala, kuogelea, ushonaji, dansi, karata na mengineyo.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba mji huo hauna meya. Vituo vya burudani ni mali ya wakazi wenyewe, nao huwachagua wakurugenzi wa kuviendesha. Wazee wa kujitolea husafisha kando za barabara, na wengine huzunguka kwa magari wakikagua nyumba za walio safarini. Nilimwona mzee mwenye mvi tupu akiokota taka huku akipiga mluzi. Hakuna aliyemwambia, "Babu, pumzika." Nilijiuliza, ni mara ngapi sisi tumemnyang'anya mzee jembe au ufagio tukidhani kwamba tunamheshimu, kumbe tunamzika kabla ya siku zake?

Sitaki kumficha msomaji. Nilipatamani. Bintiangu alinionyesha nyumba ndogo yenye vyumba viwili, ya zamani lakini safi, ambayo alisema angeweza kuinunua kwa mkopo. Usiku ule nililala nikijiona nikiamka bila kumtayarishia mtu sare ya shule, bila kukimbizana na karo, niende kuogelea, jioni nishone. Kwa mwanamke aliyelea watoto tangu akiwa na miaka 22, ndoto hiyo si ndogo.

Lakini mwalimu ni mwalimu, nami nilianza kuuliza maswali. La kwanza lilikuwa juu ya joto. Wakati wa baridi hali ya Phoenix hupendeza kama ya Nairobi mwezi wa Agosti jua linapochomoza. Wakati wa kiangazi mambo ni mengine. Mwaka huo huo wa 2023 joto lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo, na katika kaunti hiyo ya Maricopa watu 645 walikufa kwa sababu zinazohusiana na joto. Mwenye kiyoyozi hukaa ndani. Kiyoyozi kikiharibika, mzee yumo hatarini.

La pili lilikuwa matibabu. Bima ya serikali yao ya wazee, Medicare, huanza mtu akifika miaka 65. Hata hivyo, mhamiaji asiye na rekodi ya kazi huko lazima awe na ukaazi wa kudumu na awe ameishi nchini humo miaka mitano mfululizo ndipo aruhusiwe kujiunga kwa kulipia. Katika miaka hiyo mitano nani angelipa nikivunjika nyonga kama mwenzangu? Bintiangu alinyamaza, kisha akasema, "Tutaona, Mama."

Mwezi wa Januari alipata likizo tukaenda Florida, kwa mpwa wangu anayefanya kazi Ocala. Hapo karibu pana mji mwingine wa wazee uitwao The Villages. Ulianza kama bustani ya nyumba za kukokotwa kwa gari, mali ya mfanyabiashara Harold Schwartz, kisha mwanawe, Gary Morse, akaupanua. Jina la The Villages lilianza kutumika mwaka wa 1992. Kufikia hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 eneo hilo lilikuwa na watu karibu 130,000, na hakuna eneo la mji nchini Marekani lililokuwa limekua kwa kasi kuliko hilo katika miaka kumi iliyotangulia.

Ikiwa Sun City ni shangazi mtulivu, The Villages ni shangazi wa harusini. Kuna viwanja vya gofu zaidi ya 50. Vigari vya gofu vina njia zao, mahandaki yao, hata daraja lao la kuvuka barabara kuu. Katika viwanja vya katikati ya mji muziki hupigwa kila jioni bila kiingilio, na wazee hucheza dansi hadharani. Mwanamume mmoja mwenye fimbo aliiegemeza kitini, akacheza nyimbo mbili, akarudi kuichukua. Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Tulipokaa chini na bintiangu kulinganisha, tuliandika kwenye karatasi. Sun City nyumba nyingi ni za zamani na bei yake ni nafuu. The Villages nyingi ni mpya na ghali zaidi, na kila mwezi kuna ada ya burudani. Sun City vituo ni vya wakazi. The Villages, familia iliyoujenga mji ndiyo pia yenye gazeti, redio na majengo mengi ya biashara. Arizona joto ni kavu. Florida ni la unyevunyevu kama Mombasa mwezi wa Machi, tena kuna radi na vimbunga. Anayetaka utulivu na kazi za mikono aende Sun City. Anayetaka ngoma kila jioni aende The Villages.

Ndipo nikauliza swali ambalo tangu mwanzo nililiogopa: "Na mtoto?"

Katika Sun City angalau mtu mmoja katika kila nyumba awe na miaka 55 au zaidi, na aliye chini ya miaka 19 haruhusiwi kuwa mkazi. Katika sehemu kubwa ya The Villages mgeni aliye chini ya miaka 19 anaruhusiwa kukaa siku 30 kwa mwaka, basi. Si uonevu wa jirani mkorofi. Sheria ya nchi ya mwaka wa 1988 iliyokataza kuzinyima nyumba familia zenye watoto iliacha mlango kwa makao ya wazee, na sheria nyingine ya mwaka wa 1995 ikaweka wazi kwamba yatosha asilimia 80 ya nyumba ziwe na mkazi wa miaka 55 au zaidi.

Bintiangu alinisimulia habari za Youngtown, mji mdogo unaopakana na Sun City, ulioanzishwa mwaka wa 1954 kwa ajili ya wazee hata kabla ya Sun City. Miaka ya 1990 kijana mmoja aliyekuwa na matatizo nyumbani kwao alikimbilia kwa babu na nyanya yake waliokuwa wakiishi humo. Mji ulisema aondoke. Kesi ilipelekwa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na mwaka wa 1998 sharti la umri likaondolewa Youngtown. Leo watoto wanaishi humo. Huko Sun City nako, miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wazee walipiga kura mara kwa mara kuangusha mikopo ya kujenga shule za wilaya ya Peoria, mpaka mji wao ukatolewa katika wilaya hiyo ya shule.

Habari hiyo ya shule ilinichoma. Mimi nimefundisha katika madarasa yaliyojengwa kwa harambee, ambamo nyanya asiyejua kusoma alileta kuku wake auzwe ili mtoto wa jirani apate dawati. Hata hivyo sikutaka kuwahukumu. Mama mmoja wa miaka 81 niliyeketi naye kwenye chama cha ushonaji huko Sun City aliniambia, "Nililea watoto wanne. Nilipenda kila siku. Sasa napenda pia kimya." Kisha akaomba kuona picha ya mjukuu wangu, akaishika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Usiku wa mwisho tulizungumza. "Mama," bintiangu alisema, "tutampeleka shule ya bweni. Likizo atakaa kwa shangazi." Alisema kwa upendo, nami najua kwamba angelipa kila senti. Nikamjibu, "Mwanangu, mtoto huyu ameshaachwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa kifo. Mimi nisiwe wa tatu." Tukalia wote wawili. Asubuhi hakuitaja tena ile nyumba.

Nilirejea Buruburu mwezi wa Februari, 2024. Sikurudi mikono mitupu. Niliwaita walimu wenzangu watatu waliostaafu, wote wajane kama mimi, nikawapa habari. Tulianza na jambo dogo: kila siku saa moja asubuhi tunajuliana hali kwa simu. Asiyejibu mara mbili, aliye karibu anakwenda kugonga mlango, naye ana ufunguo. Kila Jumamosi tunakutana, tunatembea hadi magoti yakatae, kisha tunashona. Tumekubaliana pia kwamba hakuna atakayejenga nyumba kubwa ya upweke mashambani. Tunatafuta ploti moja karibu na mji wa Machakos, mahali penye hospitali na barabara, tujenge nyumba nne ndogo zisizo na ngazi, na bafu zisizoteleza. Fedha hazijatosha, na mmoja wetu ana watoto wasiotaka kusikia mpango huu. Huenda ukafaulu, huenda ukakwama.

Wazee wa Marekani wamenifunza kwamba uzee hupangwa mapema, wakati mtu bado ana nguvu, na kwamba mzee anahitaji wenzake, kazi ya mikono na mlango ulio karibu wa kubishwa hodi. Hayo nimeyachukua. Ukuta wao wa umri nimewaachia.

Nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu, msidhani kwamba mmemaliza kazi mkimjengea mama nyumba ya mawe kijijini na kumtumia pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Muulizeni anaongea na nani jioni. Muulizeni ni nani atakayejua akianguka.

Juzi tulipokuwa tukichora ramani ya zile nyumba nne mezani, mjukuu wangu alikuja akachungulia. "Nyanya, chumba changu ni kipi?" Nikamwonyesha kwa kalamu. Akatazama, akaniomba nisogeze dirisha lake upande wa barabara ili aone watu wakipita. Nimelisogeza.