Ujumbe Umefika, Mtu Je?

Leo sina programu mpya ya kukuonyesha. Nataka tuzungumzie kitu kidogo sana kilichomo ndani ya simu yako, ambacho huenda hujawahi kukiwasha: ripoti ya kufika kwa ujumbe mfupi. Mimi nilikisoma darasani na kukijibu kwenye mtihani. Maana yake niliijua usiku mmoja kule Homa Bay.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 4 Desemba 2021. Kafyu ya korona iliyoanza Machi 2020 ilikuwa imeondolewa Oktoba 20, na sisi wanne tuliosoma sayansi ya kompyuta pamoja hatukuwa tumekaa meza moja tangu tuhitimu. Mmoja wetu alikuwa amepata kazi yake ya kwanza ya kudumu, basi tukakutana Migori mjini kumpongeza. Nyama ikachomwa, kachumbari ikaletwa, hadithi za wahadhiri wetu zikaanza upya. Jioni ilipoingia, mwenzetu ambaye kwao ni karibu na Homa Bay akasema, "Omera, hapa mnakula tu. Twendeni kwetu mkaone mji unaoelea."

Tukapanda gari, dereva akiwa amekunywa soda tu (nne, na zote tulimlipia sisi!). Tukapita Awendo, tukafika Rongo, tukakata kushoto kuelekea ziwani.

Mji wenyewe ni taa za wavuvi wa omena, wale samaki wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa. Omena huvuliwa usiku kwa sababu hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwaka sana taa hazina nguvu tena. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi ni za LED, za betri au sola. Usiku ule hapakuwa na mwezi kabisa (siku hiyo hiyo jua lilikuwa limepatwa kule Antaktika). Mwenzetu wa Kitui alitazama zile safu za taa juu ya maji akauliza, "Ule ng'ambo ni mji gani?" Tulicheka hadi machozi.

Kwenye saa tano hivi upepo ukageuka. Ziwa Victoria lina desturi hiyo: usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa ya pande zote hukimbilia ziwani, hukutana huko, hupanda juu na kuzaa radi. Taa zikaanza kupungua, moja moja, kisha kwa makundi. Mwenyeji wetu akanyamaza. Ndipo akatuambia kwamba mdogo wake yuko huko majini. Akapiga simu: mteja hapatikani. Akapiga tena. Vile vile.

Mmoja wetu, anayefanya kazi ya mitandao, akamwambia, "Acha kupiga. Tuma ujumbe, lakini washa ripoti kwanza."

Sababu ni hii. Ukipiga simu, lazima nyote wawili muwe hewani wakati mmoja. Ujumbe mfupi hauhitaji hivyo. Unapoutuma, unakwenda kwenye kituo cha ujumbe cha mtandao na kuhifadhiwa pale. Simu ya mwenzako ikijitambulisha tena kwa mnara wowote, mtandao hukiarifu kituo, ujumbe hupelekwa, na ripoti hurudi kwako. Kwa hiyo ripoti ile ni kengele: italia simu ya upande wa pili ikiamka. Akaandika, "Uko wapi? Mama anauliza." Herufi chache tu kati ya 160 zinazoingia kwenye ujumbe mmoja.

Mvua ikatukimbiza hadi nyumbani kwao. Mama yake alitukaribisha kwa chai ya maziwa, kisha akaketi karibu na mlango. Hebu fikiria: watu wanne wenye digrii, tumezunguka simu moja juu ya meza, na hakuna hata mstari mmoja wa kodi ambao ungeweza kutusaidia.

Saa tisa na dakika ishirini usiku simu ikatetemeka. Ujumbe umefika! Tukashangilia. Mama hakushangilia.

"Umefika kwa simu," akasema. "Mwanangu je?"

Alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Ripoti husema kifaa kimepokea. Haisemi kimo mkononi mwa nani. Tukapiga. Ikaita hadi ikakatika. Tukapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu akapokea, sauti ikitetemeka kwa baridi: walikuwa wamekimbilia ufuo mwingine, na simu alikuwa ameizima na kuifungia ndani ya mkebe wa Kimbo isilowe. Alisikitikia omena tu, maana walikuwa wamemwagika wote. Mama akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule, akaenda kuongeza maji ya chai.

Tangu siku hiyo, katika mifumo ninayoiandika, "imetumwa", "imefika" na "imesomwa" ni maneno matatu tofauti, hata mteja akiniambia yanachosha macho. Mkulima anayesubiri malipo au mgonjwa anayesubiri majibu ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo limetokea. Neno "tayari" siliweki kwenye kioo mpaka niwe na hakika nalo.

Basi fungua mipangilio ya ujumbe kwenye simu yako uiwashe ripoti hiyo leo. Na ikirudi, bado piga simu.